Sampuli Namba Saba

"Sifuri," alisema Mama Miradi, akaigeuza karatasi juu ya meza ili Kibiriti aisome mwenyewe.

Kibiriti aliisoma. Aliisoma tena, safari hii kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Juu palikuwa na jina la kampuni yao, chini yake *Sampuli namba saba*, na chini zaidi, kwenye kisanduku cha peke yake, palikuwa na ile sifuri, nene na ya duara kabisa.

Kwa wiki tatu alikuwa akiisubiri karatasi hii. Mama Miradi ndiye aliyesimamia mfuko unaoweka fedha kwenye kampuni ndogo zinazotengeneza mafuta yasiyoongeza hewa ukaa angani. Alikuwa amezunguka kampuni nyingi. Kuna waliokuwa wakifuga mwani wa kijani kwenye mabwawa, kuna waliokuwa wakipika maranda ya mbao, na kuna hawa ndugu wawili, binti Kibiriti na kaka yake, waliokuwa wakikusanya mafuta machafu ya kukaangia kutoka mikahawani na kuyageuza kuwa mafuta ya injini. Mfuko ukikubali kununua hisa, wangejenga mtambo wa kweli. Ukikataa, wangeendelea kupika mapipa mawili kwa wiki mpaka wachoke.

Na kipimo chenyewe si cha kubahatisha. Mmea unapokua huvuta kaboni kutoka hewani, na kaboni hiyo ina alama ya ujana wake. Mafuta yanayochimbwa yamelala ardhini miaka mamilioni mpaka alama yote imefutika. Pima mafuta yaliyotokana na mimea ya juzi, utapata mia au karibu na mia. Pima dizeli ya kituoni, utapata sifuri.

"Maabara yenu imechanganya chupa," alisema Kibiriti.

"Maabara ile inafanya kazi hii miaka ishirini."

"Hata mkunga wa miaka ishirini anaweza kuchanganya watoto, mama. Mafuta yale nimeyapika mimi. Nimeyachuja mimi. Mwakilishi wako alikuwepo nilipokinga chupa na kubandika lebo. Leo mnaniambia nimewaletea dizeli ya kituoni?"

"Mimi sikuambii kitu. Karatasi ndiyo inayosema."

Basi damu ikampanda. Hawakumbandika jina la Kibiriti bure. Tangu shuleni alikuwa akikwaruzwa kidogo tu, anawaka. Alisimama, kiti kikalia sakafuni. Aliuliza kama hivi ndivyo wenye fedha wanavyofanya, kumchezea mtu miaka mitatu ya jasho. Aliuliza nani alizipokea zile chupa huko maabara. Mama Miradi akamtazama juu ya miwani, akasema yuko mpokeaji sampuli, mtu mmoja tu, na kama Kibiriti anamtuhumu basi aandike, kwa sababu kamati inakaa Jumatatu na haitasikiliza kelele za mdomo.

"Nipe kalamu," alisema Kibiriti.

Akaandika, mistari minne, herufi zimelala upande kwa hasira: mpokeaji wa sampuli alibadilisha chupa yetu, kwa uzembe au kwa makusudi. Akatia saini.

Kaka yake alikuwa ameketi kando yake muda wote huo. Kila mtu alimwita Mkurugenzi, hata mkewe alipotaka kumtania, kwa sababu ndiye aliyevaa tai na ndiye aliyejua kuongea. Siku hiyo hakuongea. Alikuwa akiikunja ncha ya tai yake, anaikunjua, anaikunja. Kibiriti alidhani ni uchungu. Alimshika bega walipokuwa wakitoka, akamwambia, "Usijali, kaka. Tutawanyoosha."

Alhamisi hiyo hiyo, kabla ya saa nane, simu ikaja. Mpokeaji sampuli alikuwa amesimamishwa kazi mpaka kamati iamue.

"Safi," alisema Kibiriti, na akaikata.

*

Karakanani alifika akiwa bado anafoka. Fundi, aliyechomelea lile tangi lao la kupikia kwa mikono yake, alikuwa akikung'uta chujio. Yeye ndiye mfanyakazi wao wa pekee, mtu mzima, mwenye maneno machache na yote ya kuchoma.

"Binti, punguza moto. Humu ndani kuna pombe ya viwandani, tutalipuka."

"Wametuita wezi, Fundi!"

"Wamewaita nyinyi. Mimi mchomeleaji tu."

"Si mzaha. Mzigo ule wa namba saba umebaki popote?"

"Umebaki hewani. Tuliuchoma wote kwenye jenereta, wewe mwenyewe ulisema tusimpe mtu mafuta ambayo cheti chake hakijatoka." Akalitundika chujio. "Chupa nani aliipeleka?"

"Kaka. Tuliikinga jioni, maabara ilikuwa imefungwa. Akaipeleka asubuhi yake."

"Ikalala wapi?"

"Kwake. Ilale wapi tena?"

Fundi alipangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, na Kibiriti akaudhika zaidi ya ambavyo angeudhika na tusi.

"Fundi, kama una kitu useme."

"Sina. Nimeuliza tu ililala wapi."

*

Jumamosi asubuhi alikwenda nyumbani kwa kaka yake kuchukua stakabadhi ya maabara, aiambatishe na malalamiko yake. Alikuta wifi yake yuko jikoni, amejifunga kanga kiunoni, anasugua sufuria.

"Karibu, wifi. Mkurugenzi ametoka kidogo, ameenda kunyoa. Anataka akapendeze mbele ya kamati."

"Anyoe tu. Nataka karatasi ya maabara."

"Karatasi zake sizigusi, nisije nikaambiwa nimepoteza hati ya dunia. Lakini wewe umekuja wakati mzuri. Nitolee ule uchafu wenu kwenye friji yangu. Wiki ya nne sasa nabanana na chupa, maziwa yananukia kama jikoni la mkahawa."

"Uchafu gani?"

"Si hiyo chupa yenu? Nilitaka kuitupa, mume wangu akanikataza kama nimeshika mtoto. Nikasema basi, ni dawa."

Kibiriti alifungua friji. Nyuma kabisa, kati ya jagi la maziwa na sufuria ndogo yenye mfuniko, palikuwa na chupa ya lita moja, ya aina waliyotumia kwa sampuli. Haikuwa na lebo. Ndani mlikuwa na kitu kizito, cheupe chenye umanjano, kama samli.

Aliigeuza chini juu. Tangu alipokuwa mwanafunzi alikuwa na tabia ya kukwaruza namba kwenye kitako cha kila chupa kwa ncha ya msumari, kwa sababu lebo hubanduka. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa vile hakuona kama ni jambo la kusimuliwa.

Kwenye kitako paliandikwa saba.

"Wifi," alisema, na sauti yake ikatoka ndogo, "nipe kiti."

*

Mkurugenzi aliingia ananukia poda ya kinyozi. Alimwona dada yake mezani, akaiona na chupa mbele yake. Akasimama mlangoni.

"Kaa," alisema Kibiriti.

"Mdogo wangu, ngoja nikueleze."

"Kaa kwanza. Ndipo unieleze chupa yenye namba yangu kitakoni imefikaje kwenye friji yako."

Alikaa. Mkewe aliwatazama wote wawili, akaiacha sufuria, akatoka uani bila kuulizwa.

"Ilikuwa joto siku ile," alianza Mkurugenzi. "Ilikuwa joto kweli, unakumbuka. Nikasema chupa hii ndiyo maisha yetu, nisiiache kwenye gari ikaharibika. Nikaiweka kwenye friji."

"Isiharibike. Ni maziwa?"

"Nilijua mimi? Asubuhi nakwenda kuichukua, naikuta imeganda, imekuwa matope. Moyo ukanilipuka. Nikajua umekosea kipimo. Na saa tatu nilitakiwa niwe maabara, wamesema ukichelewa unasubiri zamu ya mwezi ujao. Ningefanya nini?"

"Una simu."

"Ningekupigia ungesema tuahirishe. Wewe hujui watu wa fedha. Ukiwaambia subiri, wanasikia hapana."

"Kwa hiyo ukaenda kituo cha mafuta."

Mkurugenzi alijisugua shingo iliyotoka kunyolewa.

"Sema, kaka. Lita ngapi? Walikupa na risiti?"

"Lita moja," alisema kwa sauti ya chini. "Lebo niliibandua kwa mvuke wa birika, nikaibandika kwenye chupa ya dizeli. Nilijua wanapima kama inawaka vizuri. Dizeli inawaka vizuri. Sikujua wanapima umri."

"Nilikueleza umri. Nilikueleza kwenye gari, nilikueleza mezani kwa mama, nilikuchorea!"

"Unaeleza mambo mengi, wewe."

Hapo Kibiriti aliipiga meza kwa kiganja, chupa ikaruka. Aliishika isianguke, na alipoishika akaona kitu, akaisukuma mbele ya kaka yake polepole.

"Angalia."

"Nini?"

"Nimesema angalia. Usiniangalie mimi, angalia chupa."

Jua la dirishani lilikuwa limeipiga chupa kwa karibu nusu saa. Juu, chini kidogo ya shingo, ule weupe ulikuwa umeanza kuyeyuka. Palikuwa na upana wa vidole viwili wa kitu cha dhahabu, safi, na ndani yake vipande vyeupe vilikuwa vikizama na kupotea. Walikaa wakitazama. Uani wifi yake alikuwa akipiga nguo maji, na mlango wa jirani ulifunguliwa na kufungwa. Dhahabu ikateremka mpaka katikati ya chupa. Mkurugenzi alifungua kifungo cha shati shingoni.

"Yanaganda kwenye baridi," alisema Kibiriti. "Yote yanaganda. Mafuta ya kupikia ya mkeo yanaganda humo humo. Ungeyaacha mezani wakati unakunywa chai, ungeyakuta hivi. Hayakuwa na ubaya wowote, kaka. Yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kupika."

Aliisogeza chupa karibu zaidi na dirisha.

"Nilikuwa nakulinda," alisema kaka yake. "Nilisema dada yangu ataaibika mbele za watu."

"Ulinidharau. Miaka mitatu unazunguka kwenye maofisi ya watu, unawavika vilemba vya ukoka, unawaambia dada yangu ni bingwa, dada yangu ataokoa mbingu. Kumbe mwenyewe huamini. Ulipoona doa la kwanza tu, hukuuliza. Ulikimbilia dizeli, kwa sababu moyoni mwako haya mafuta yangu ni mchezo wa kitoto."

"Si kweli."

"Kweli tupu."

Mkurugenzi alijifuta uso. Kisha Kibiriti akaona macho yake yanachangamka, kama yalivyochangamka kila alipopata njia ya kumshawishi mtu, na kwa mara ya kwanza maishani akauogopa ule uchangamfu.

"Lakini sikiliza. Sikiliza, mdogo wangu. Chupa ipo! Namba ipo kitakoni. Jumatatu tunaiweka mbele ya kamati, tunasema hii ndiyo tuliyobaki nayo kama akiba. Wewe tayari umeandika kwamba maabara ilichanganya. Wanapima upya, inatoka mia. Kila kitu kimekwisha, na mafuta ni yako kweli. Hatudanganyi hata kidogo."

"Na yule mtu?"

"Mtu gani?"

"Mpokeaji sampuli. Amesimamishwa kazi, kwa saini yangu."

"Watamrudisha. Na wasipomrudisha, mtu wa maabara hakosi kazi."

Alilisema kwa wepesi, huku akiikunja tai yake. Kibiriti alimtazama yule aliyemfundisha kuendesha baiskeli, aliyeuza kiwanja chake pekee ili wanunue tangi la kwanza, akaona kwamba angeweza kumpiga. Mkono ulikuwa tayari umejikunja. Badala yake aliinyakua chupa.

"Jumatatu nakwenda peke yangu," alisema. "Ukinifuata nitakuvua hiyo tai mbele yao."

*

Kamati ilikuwa watu watano na Mama Miradi. Kibiriti alisema yote akiwa amesimama, bila kumung'unya maneno. Alisema juu ya friji, birika, dizeli ya kituoni. Alisema barua yake ya Alhamisi ilikuwa uongo, ingawa alipoiandika hakujua, na kwamba ameandika nyingine ya kuifuta. Mzee mmoja wa pembeni alicheka aliposikia habari ya friji. Mama Miradi akamtazama tu, kicheko kikakatika.

"Unajua mmenifanya nini?" aliuliza Mama Miradi. "Mimi ndiye niliyeigombea kampuni yenu hapa. Niliwaambia hawa, acheni kufuata makampuni makubwa yanayopaka matangazo rangi ya kijani, hapa kuna watoto wawili na mchomeleaji wanafanya kazi ya kweli. Nimewatetea miezi sita. Halafu mnaniletea dizeli."

"Mafuta haya hapa, mama. Yapimeni."

"Tutayapima. Naamini yatatoka mia. Na sitaweka hata senti." Alivua miwani, na macho yake yalikuwa yamechoka na yana hasira kama ya Kibiriti. "Tuna kanuni moja hapa, na niliiandika mimi. Aliyeghushi sampuli akiwa bado ndani ya kampuni, kampuni hiyo haingii mlango huu. Akiondoka, mlete maombi mapya, mwaka ujao, mkianzia nyuma ya foleni kama wengine."

"Mwaka mzima!"

"Mwaka mzima. Unanipigia kelele mimi?"

"Napiga kelele kwa sababu kuna watu wanauza moshi wa jana kwa jina la usafi na wanapewa fedha kila siku," alisema Kibiriti, "na mimi niliyekuja na ukweli wangu mkononi ndiye naambiwa foleni."

"Ndiyo," alisema Mama Miradi. "Ni kwa sababu ya hao kanuni ipo."

Kibiriti aliiacha chupa mezani, akatoka, na maneno yale yakamuuma kuliko kukataliwa.

Akiwa kwenye ngazi za jengo alimpigia simu mpokeaji sampuli. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi na kusamehewa. Mtu yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, nimekaa ndani tangu Alhamisi," alisema. "Mama mkwe wangu ameniuliza niliiba nini. Binti yangu ameniuliza. Miaka kumi na moja naandika namba za chupa za watu, sijawahi kuruka hata moja. Wewe hukunijua hata sura, ukatia saini."

"Nisamehe, kaka yangu."

"Barua yako ya kufuta ndiyo nitakayoipokea. Hiyo radhi bado." Akakata.

*

Mkurugenzi alikuwa karakanani amekaa juu ya pipa, bila koti. Fundi alipomwona Kibiriti anaingia alichukua funguo zake na kusema anakwenda kutafuta vyuma. Hakuna vyuma alivyohitaji siku hiyo, na wote watatu walijua.

"Wamekataa," alisema kaka yake.

"Wamekataa mpaka utoke."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. "Kiwanja changu kiko ndani ya lile tangi."

"Najua. Hisa zako ni zako, hakuna anayezigusa. Ukurugenzi ndio unaouacha. Kalamu hii hapa."

Aliweka karatasi juu ya mfuniko wa pipa. Kaka yake aliandika upesi. Kuandika barua kulikuwa kazi yake, hakukosea hata koma. Akampa. Kibiriti akasoma: *Kwa sababu za kiafya na za kifamilia, nimeona ni busara kung'atuka...*

Aliichana vipande viwili, halafu vinne.

"Unaumwa nini?"

"Mdogo wangu, barua hizi ndivyo zinavyoandikwa. Hakuna mtu anayeandika..."

"Unaumwa nini, kaka? Kuna mtu amekaa nyumbani siku nne, mkwewe anamwita mwizi, na wewe unaumwa. Andika ulichofanya. Yote. Nakala moja ya kwao, moja ya maabara, moja nitaibandika pale ukutani, na mtu yeyote atakayetaka kuweka senti yake humu ataisoma kabla ya kusoma kingine."

"Utanianika."

"Nitakuanika. Na mimi nitajianika pembeni yako, na barua yangu ya Alhamisi. Andika."

Alimpa karatasi nyingine. Kaka yake aliinama, na safari hii kalamu haikukimbia. Aliandika mstari, akasimama. Akaandika mwingine. Kibiriti alisimama nyuma yake, mikono kifuani, akikisoma kila kitu juu ya bega lake: jioni ile, joto, friji, asubuhi, kituo cha mafuta. Hasira ilikuwa haijapungua hata kidogo. Aliisikia mwilini kama homa, naye hakuitaka ipungue. Ingemfaa mwaka mzima.

Alipofika kwenye dizeli kalamu iligoma. Mkurugenzi, aliyewahi kuongea saa nzima mbele ya mawaziri bila karatasi, alikaa akiutazama mstari mtupu.

"Hapa niandike nini?" aliuliza bila kugeuka. "Kwa nini niliinunua?"

"Wewe ndiye unayejua."

Mkurugenzi aliigeuza kalamu vidoleni.

"Niliogopa," alisema. "Nikiandika hivyo inatosha?"

"Sijui kama inatosha. Iandike."

Akaiandika.